MFARISHI WA VIRAKA
Kazi ya Mikono kwa Saa za Mapumziko

Wasomaji wetu wengi wajua kutia kiraka, lakini wakipendao kiraka ni wachache. Mtoto akienda shuleni na kaptula yenye kiraka, wenziwe humcheka. Na mtu mzima akialikwa arusini, nguo yenye kiraka huiacha nyumbani. Kwetu kiraka ni dalili ya uhitaji, na watu huona haya kuonyesha uhitaji wao. Leo twapenda kuwaeleza habari za watu waliofanya viraka kuwa kazi ya fahari, kisha tuwafundishe jinsi ya kuifanya kazi hiyo nyumbani wakati wa jioni, kwa kujifurahisha tu.

Nguo tuisemayo huitwa mfarishi. Ni nguo ya kujifunikia kitandani, nayo ina matabaka matatu. Juu ni uso, uliounganishwa kwa vipande vya nguo mbalimbali. Katikati ni ujazo wa pamba au wa blanketi kuukuu. Na chini ni bitana. Matabaka hayo hushonwa pamoja kwa mishono mingi midogo ipitayo toka juu hata chini, ili ujazo usikusanyike upande mmoja.

WATU WA GEE'S BEND

Kila mtu wa nchi zetu ajua neno merikani. Nguo ile ilipata jina hilo kwa kuwa ililetwa Unguja na wafanya biashara wa Marekani, hasa watu wa mji wa Salem, tangu miaka ya 1830. Ilifumwa katika viwanda vya kaskazini ya Marekani, lakini pamba yake ilitoka kusini, katika mashamba yaliyolimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Basi babu zetu walivaa nguo ambayo pamba yake ilichumwa na watu wa damu ya Afrika waliopotelea ng'ambo, wala hawakujua.

Shamba moja la namna hiyo lilikuwa katika jimbo la Alabama, mahali ambapo mto wa Alabama hupinda ukaizunguka nchi pande tatu. Mzungu aitwaye Joseph Gee alilianzisha mwaka wa 1816, na kwa hiyo mahali pale pakaitwa Gee's Bend, yaani kizingo cha Gee. Mwaka wa 1845 shamba likawa mali ya Mark Pettway. Watumwa waliitwa kwa jina la bwana wao, na hata leo wengi wa wenyeji wa pale huitwa Pettway.

Utumwa ulipokwisha mwaka wa 1865, watu wale walibaki palepale, wakilima pamba katika ardhi isiyo yao. Mwaka wa 1932, bei ya pamba ilipokuwa imeanguka, waliandamwa na deni. Wakachukuliwa wanyama wao, zana zao, na hata mahindi yaliyokuwa ghalani, wakabaki na njaa wakati wa baridi. Nyumba zao zilikuwa na nyufa na upepo ulipenya ndani, wala hawakuwa na fedha za kununulia mablanketi. Basi wanawake walikusanya nguo za shambani zilizochakaa na magunia matupu, wakazikata, wakashona mifarishi ya kufunika watoto wao.

Hapa ndipo penye jambo la kujifunza. Baridi haichagui rangi, na kama haja yao ingalikuwa joto tu, kiraka chochote kingalitosha mahali popote. Lakini wanawake wale walichagua. Waliweka buluu iliyopauka karibu na nyekundu, wakageuza mstari huku na huku, wakatazama, wakabadili. Kila mmoja alishona uso wa mfarishi peke yake, kwa namna ya moyo wake. Kisha walikusanyika kuyashona matabaka pamoja, wakiimba na kuzungumza. Kazi iliyoanza kwa lazima ikawa ndiyo furaha yao.

Mwaka wa 1942 mama mmoja wa pale, Missouri Pettway, baada ya kufiwa na mumewe, alizitwaa nguo za kazi za marehemu akazichana, akisaidiwa na binti yake Arlonzia. Kwa vipande hivyo alishona mfarishi, apate kumkumbuka mumewe na kujifunika kwa vazi lake. Ukiutazama mfarishi ule, waziona nguo za kazi zilizopauka.

Mwaka wa 1966 wanawake wa sehemu zile walianzisha chama cha ushirika cha kuuza mifarishi, kilichoitwa Freedom Quilting Bee. Mwaka wa 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa katika jumba la makumbusho la sanaa la Houston, kisha ikapelekwa New York, na maelfu ya watu wakaja kuitazama. Mwaka wa 2006 ilitiwa katika stempu za posta za Marekani. Viraka vilivyokuwa dalili ya umaskini vikasafiri juu ya barua za watu wote.

JAMBO LILILOTUPATA SISI

Sisi tuandikao habari hizi ni watu wa kalamu. Kutwa twanakili barua na hesabu, na jioni hatuoni kitu kilichotoka mikononi mwetu ila karatasi zilizokwenda kwa wengine. Baba yetu alipofariki, baada ya matanga jamaa waligawana nguo zake nzuri kama ilivyo desturi. Zikabaki zile zilizochakaa: koti la kaki, suruali mbili za shamba, na kanzu moja iliyotoboka. Hapana aliyezitaka. Mtu mmoja alisema zichomwe moto. Mama yetu hakujibu neno; alizikunja akazirudisha sandukuni.

Tulipozisoma habari za Missouri Pettway, tulimsimulia mama. Akatuambia, “Mwanangu, wageni wakiingia na kuona kitanda cha viraka, watasema watoto wangu hawanitunzi.” Tukanyamaza. Lakini siku ya tatu tulimkuta barazani amelifumua koti lile, na mfuko wake wa kifuani ameuweka juu ya mkeka, mzima. Mfuko ule ndimo baba alimokuwa akitia miwani yake. Mama akasema, “Huu utakaa katikati.”

Tulishona pamoja naye kila jioni. Mwanzo tulikosea, maana kipande cha kanzu, kilicho chepesi, tulikishona na kaki nzito, na tulipofua mara ya kwanza kikachanika. Ilitupasa kufumua na kuanza tena. Lakini katika jioni zile mama alitusimulia mambo ya baba ambayo hatukuwa tumeyasikia tangu tuzaliwe, kila kipande na habari yake. Sasa mfarishi huo u juu ya kitanda chake, na wageni wakiingia yeye ndiye autajaye kwanza.

VITU VITAKIWAVYO

Vitu ni vichache: nguo kuukuu zilizo safi, mkasi, sindano, uzi imara, pini, kipimo cha fundi, na kipande cha sabuni kavu cha kuchorea mistari. Mwenye subana ya kuvaa kidoleni atasalimisha kidole chake. Cherehani si lazima.

Kwanza fueni nguo zote, hata zilizo mpya, kwa maana nguo nyingine hurudi zifuliwapo, na nyingine huchuja rangi. Heri zirudi na kuchuja kabla ya kushonwa. Zikauke, zipigwe pasi. Kisha zitengeni kwa uzito: kaki na kaki, kanga na kanga. Kama mwataka kuchanganya nyepesi na nzito, ile nyepesi itieni bitana kwanza, yasije yakawapata yaliyotupata sisi.

JINSI YA KUSHONA

Twawafundisha namna moja ipendwayo huko Gee's Bend, iitwayo Paa la Nyumba. Huanza na kipande kimoja katikati, kisha vipande virefu huzungushwa, mzunguko juu ya mzunguko, hata kikawa kama paa la nyumba litazamwavyo na ndege aliye juu.

Kateni kipande cha katikati, inchi 5 kila upande. Vipande vya kuzungusha viwe na upana wa inchi 3. Kila mshono huchukua nusu inchi ya kila nguo. Kwa hiyo kipande cha inchi 3 kikiisha kushonwa pande zote mbili huonekana inchi 2.

Mzunguko wa kwanza wataka vipande vinne. Viwili viwe na urefu wa inchi 5. Viwekeni uso kwa uso na pande mbili zikabiliazo za kipande cha katikati, mvishone, mfunue, mpige pasi. Sasa nguo yenu ina inchi 9 kwa 5. Kateni viwili vingine vya inchi 9, mvishone katika pande zilizobaki. Mmepata mraba wa inchi 9. Mzunguko wa pili hutaka viwili vya inchi 9 na viwili vya inchi 13. Na kila mzunguko huongeza inchi 4. Baada ya mizunguko 8, yaani vipande 32, mtakuwa na mraba wa inchi 37, unaotosha kumfunika mtoto mchanga. Mtu akishona mzunguko mmoja kila jioni, kwa jioni 8 uso umekwisha. Akishona miraba minne ya namna hiyo na kuiunganisha, miwili juu na miwili chini, atapata uso wa mfarishi wa kitanda wa karibu wari mbili kila upande. Haba na haba hujaza kibaba.

Msishone kabla ya kuchagua. Tandikeni vipande mkekani, msimame mbali, mtazame. Badilini kimoja, mtazame tena. Hii ndiyo raha ya kazi, msiifanyie haraka.

Uso ukiisha, tandikeni bitana chini, iwe inchi 40 kila upande, uso wake ukielekea chini. Juu yake wekeni ujazo wa inchi 37. Blanketi kuukuu lafaa sana. Juu ya ujazo wekeni ule uso. Pigeni bandi kubwa kubwa matabaka yote yashikamane. Kisha shoneni kwa mishono midogo, mkianza katikati na kwenda pembeni, ili nguo isifanye makunyanzi. Nafasi kati ya mstari na mstari isizidi inchi 4. Mwisho, ile bitana iliyozidi ikunjeni nusu inchi kwa ndani, mwigeuze juu ya uso, mshone upindo pande zote. Toeni bandi. Mfarishi umekwisha.

NENO KWA WALIMU, WAZEE NA WANAUME

Walimu wataona kwamba kazi hii ni darasa la hesabu pia. Mwulizeni mtoto ni mizunguko mingapi itakiwayo kupata inchi 49, naye atajibu kwa mkasi mkononi. Wazee mnaoongoza watu, mwaweza kuwapa kina mama mahali penye kivuli pa kukutania kwa kushona; maneno mengi ya fitina hukosa nafasi pale mikono inapokuwa na kazi.

Na wanaume wasiseme kwamba sindano ni ya wanawake. Fundi akaaye barazani mwa duka na cherehani yake ni mwanamume mara nyingi, wala hapana amchekaye. Mwenye kofia ya viua kichwani aivua akaitazama: kila kitundu kimezungushwa uzi kwa mkono, kwa majuma mengi ya subira. Kama si aibu kuivaa kazi ya namna hiyo, haiwezi kuwa aibu kuifanya.

Twawaonya jambo moja tu. Msishone katika mwanga hafifu, kwa maana macho hayatiwi kiraka. Na sindano zihesabuni kabla ya kuondoka, watoto wasije wakazikanyaga.

Basi, ndugu zetu, katika kila nyumba limo sanduku lenye nguo ambazo hapana awezaye kuzivaa, wala hapana awezaye kuzitupa. Lifungueni. Mkiona nguo ya mtu aliyewapenda, msiiache iliwe na mende. Wakati mzee ajuaye habari za nguo hiyo angalipo, keti naye jioni, tia uzi katika sindano, naye asimulie.