Hadithi Tatu na Adabu ya Utafiti: Dawa, Jua na Mtende



Ndugu msomaji, nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni nilituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la familia yetu. Ujumbe ulisema kwamba habasoda ikichanganywa na asali huponya presha kabisa, na kwamba anayeitumia hahitaji tena vidonge vya hospitali, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) ndivyo alivyosema. Sikuuandika mimi. Niliupokea kwa mwenzangu, nikausoma nusu, nikausambaza. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kusoma elimu za Kiislamu, na nyumbani kila nilichotuma kilipokewa kama kauli ya sheikh.

Miezi michache baadaye mjomba wangu alipata kiharusi. Nilipokwenda kumtazama, mkono wake wa kulia ulikuwa haunyanyuki. Nikamuuliza, "Mjomba, vidonge vya presha uliendelea kuvimeza?" Akanijibu kwa shida, maana ulimi ulikuwa mzito: "Si wewe mwenyewe uliyetuma kwamba havihitajiki?" Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningeona afadhali.

Siwezi kudai kwa yakini kwamba angeendelea na vidonge asingepata kiharusi. Hilo analijua Allah. Lakini presha ikiachwa bila matibabu ni miongoni mwa sababu kubwa za kiharusi, na mjomba aliviacha vidonge kwa neno lililopitia mkononi mwangu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: kosa langu lilikuwa wapi? Kuamini hadithi si kosa. Kupenda tiba ya Mtume (s.a.w.) si kosa. Basi nilikosea wapi?

Jibu nimelipata katika hadithi tatu ambazo wengi wetu tunazijua. Moja inahusu tiba, moja inahusu jua, na moja inahusu kilimo. Tuzisome pamoja.

1. TIBA: DAWA IPO, LAKINI HUTAFUTWA

Usama bin Sharik (r.a.) amesimulia kwamba mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu. Akawaamrisha wajitibu, akawajulisha kwamba Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Hadithi hii imo katika Abu Dawud na Tirmidhi. Katika Sahih Muslim, Jabir (r.a.) amepokea kwamba kila ugonjwa una dawa yake, na dawa ikiuafiki ugonjwa, mgonjwa hupona kwa idhini ya Allah.

Tutazame hapo penye kuafiki. Dawa haiponyi kwa kuitwa dawa. Lazima ikutane na ugonjwa wake. Na nani atajua ipi inakutana na upi, asipochunguza?

Waislamu wa mwanzo walilifahamu hili. Abu Bakr al-Razi, tabibu wa mji wa Rayy aliyefariki mnamo mwaka 925, ameeleza katika maandishi yake jinsi alivyowatoa damu kundi moja la wagonjwa wenye dalili za maradhi ya utando wa ubongo, na kundi jingine akaliacha makusudi bila kulitoa damu, ili apate kulinganisha. Leo tunajua kwamba kutoa damu si tiba ya maradhi hayo, na hakuna daktari atakayeruhusiwa kuwafanyia wagonjwa hivyo bila ridhaa yao. Lakini wazo la kulinganisha makundi mawili ndilo ambalo hospitali na vyuo vinalitegemea hadi leo kabla dawa haijapewa watu.

Mfano wa karibu zaidi nasi ni malaria. Mwaka 1971 Tu Youyou na wenzake nchini China walikuwa wakichunguza mitishamba ya zamani. Mmea wa Artemisia annua ulitoa matokeo mazuri siku moja, mabaya siku nyingine. Akarudi kwenye kitabu cha tiba cha Ge Hong cha karne ya 4, akaona kwamba mmea uliloweshwa katika maji, haukuchemshwa. Akafikiri kwamba huenda joto ndilo linaloharibu dawa, akaikamua kwa njia isiyohitaji joto kali. Ikafaulu kwa wanyama, kisha yeye na wenzake wakaijaribu kwanza katika miili yao wenyewe, ndipo wakawapa wagonjwa. Dawa mseto ya malaria tunayomeza hapa Uganda imetokana na kazi hiyo, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hakukidharau kitabu cha wazee, wala hakukinukuu tu akaishia hapo. Alikijaribu.

Sasa turudi kwenye habasoda. Hadithi ya kwamba ndani yake mna shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Lakini maulamaa hawakuisoma kama nilivyoisoma mimi. Al-Khattabi ameeleza kwamba tamko lake ni la jumla lakini makusudio yake ni mahususi, yaani maradhi ya aina fulani. Tena hakuna mahali Mtume (s.a.w.) aliposema mgonjwa aache dawa nyingine. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba alimpelekea Ubayy bin Ka'b (r.a.) tabibu, akamkata mshipa na kumchoma kwa moto. Kama habasoda ingetosha badala ya kila kitu, tabibu alipelekwa wa nini?

2. JUA: HUZUNI SI USHAHIDI

Mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (s.a.w.). Siku hiyo jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim. Wanajimu wa leo, wakihesabu kurudi nyuma, huiweka siku hiyo tarehe 27 Januari 632.

Ndugu msomaji, fikiri hali ilivyokuwa. Baba amefiwa. Umma mzima unasema mbingu zinaomboleza pamoja naye. Mtu anayetaka kujikweza angenyamaza tu, na watu wangezidi kumtukuza. Mtume (s.a.w.) hakunyamaza. Alibainisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili miongoni mwa alama za Allah, na havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Kisha akawaelekeza kwenye swala na dua.

Aliikata dhana iliyokuwa ikimpendelea yeye mwenyewe, siku ya msiba wake. Sijui somo kubwa kuliko hili kwa mtafiti. Adui wa utafiti si ujinga peke yake. Ni kutamani jambo liwe kweli.

Tarehe 3 Novemba 2013 nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Jua lilipatwa, na kule Pakwach, kaskazini mwa Uganda, lilifunikwa lote kwa sekunde chache. Kwetu lilifunikwa sehemu tu. Jirani mmoja akasema kuna mkubwa atakufa, nami nikalala na hofu. Jibu la hofu ile lilikuwa limeshatolewa Madina karne nyingi kabla sijazaliwa.

Na ilipoondoka dhana, nafasi ikabaki ya kuchunguza. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri mnamo mwaka 1040, aliandika risala kuhusu umbo la jua linapopatwa, akieleza kwa nini nuru yake ikipita katika tundu dogo huchora umbo la hilali. Mwaka 1868, jua lilipopatwa na kuonekana India, wanasayansi walichambua nuru inayotoka ukingoni mwake na kukuta mstari wa manjano. Baadaye Norman Lockyer akauhusisha na elementi isiyojulikana duniani, ikaitwa heliamu, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jua. Mwaka 1895 William Ramsay akaipata hapa hapa duniani.

Hadi leo kuna fumbo. Uso wa jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, lakini korona, ile hewa nyembamba inayolizunguka, hupita nyuzi milioni moja. Ukikaa mbali na moto hupati joto zaidi, basi kwa nini huko juu ni tofauti? Chombo cha Parker kilichorushwa mwaka 2018 kilipita umbali wa kilomita milioni 6.1 hivi kutoka usoni mwa jua mwezi Desemba 2024, na moja ya kazi zake ni kutafuta jibu la swali hilo.

Mahesabu yanaonyesha pia kwamba tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha mwezi kitapita juu ya Makka na jua litafunikwa lote. Hesabu hiyo haitufanyi tuache swala ya kupatwa kwa jua. Kujua saa ya tukio ni jambo moja, kumnyenyekea aliyeliumba ni jambo jingine, na mja anaweza kuwa na yote mawili.

3. KILIMO: NILIDHANI, NA NIMEJARIBU

Talha (r.a.) amesimulia katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapita watu wakiwa juu ya mitende, wakiuchavusha mtende jike kwa chavua la mtende dume. Akasema hadhani kama hilo linafaa kitu. Wakaacha. Mavuno yakaharibika. Alipopata habari akawaambia kwamba kama linawafaa walifanye. Yeye alidhani tu, wasimshike kwa dhana yake, lakini akiwaeleza jambo kutoka kwa Allah walishike, kwani hamzulii Allah uongo. Katika riwaya nyingine akasema kwamba wao wanayajua zaidi mambo ya dunia yao.

Mtende una miti ya kike na ya kiume mbalimbali. Upepo peke yake hautoshi, kwa hiyo mkulima hupanda na kuweka vishada vya maua dume ndani ya maua jike. Asipofanya hivyo, tende hutoka duni, hazina kokwa wala nyama. Watu wa Madina walikuwa na ujuzi wa vizazi, na uzoefu huo ulihesabiwa.

Wapo wanaoichukua hadithi hii ili wasukume Sunna yote kando. Huko ni kuisoma nusu, kama nilivyousoma ule ujumbe. Mtume (s.a.w.) mwenyewe ameweka mpaka ndani ya hadithi hiyohiyo, kati ya wahyi usiopingwa na rai katika mambo ya mashamba.

Sasa tuje kwenye migomba yetu. Mwaka 2001 mnyauko wa bakteria ulithibitishwa katika migomba ya Uganda. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Kwa nchi inayokula matoke, hiyo ni njaa mlangoni. Wapo waliosema ni husuda ya jirani. Watafiti walifuatilia na kukuta kwamba wadudu hubeba bakteria wanapotembelea ua dume linaloning'inia chini ya mkungu, na kwamba mapanga na visu vya wakulima huwahamisha kutoka shina hadi shina. Wakulima wakafundishwa kulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kusafisha panga kwa moto au jiki, na kung'oa mashina yaliyougua.

Ona ajabu ya jambo hili. Kwa mtende, mkulima hupeleka ua dume. Kwa mgomba, huliondoa. Anayechukua kanuni ya mti mmoja na kuibandika kwenye mwingine bila kujaribu atapoteza shamba. Na aliyemsingizia jirani husuda amepata dhambi, na ugonjwa umebaki palepale.

MIZANI YA MWANAFUNZI

Ndugu zangu, kosa langu nimeliona. Sikuikosea hadithi kwa kuiamini. Nilichukua dhana ya mtu nisiyemjua, kwamba vidonge viachwe, nikaiweka katika ulimi wa Mtume (s.a.w.). Nilimkosea mjomba, na nikamkosea Mtume (s.a.w.) kabla yake.

Siku hizi, kabla sijatuma lolote, najiuliza maswali matatu. La kwanza: je, hii ni riwaya? Kama ni riwaya, imo wapi, na maulamaa wameifahamu vipi? La pili: je, ni dhana? Kama ni dhana, niseme ni dhana, kama Mtume (s.a.w.) alivyosema yake. La tatu: je, imejaribiwa? Nani ameijaribu, kwa watu wangapi, na wamelinganishwa na nani? Sisi tunaosoma sanad tunajua kuuliza "umepokea kwa nani?" Tabia hiyohiyo tuipeleke kwenye dawa na kilimo.

Nilirudi kwenye kundi la familia nikaandika kwamba nilikosea, na nikaeleza nilikosea wapi. Ilikuwa vigumu. Mjomba sasa anameza vidonge kila asubuhi, na habasoda anaitumia kwenye uji baada ya kumuuliza daktari wake. Mkono umeanza kushika kikombe, ingawa bado unatetemeka. Alhamdulillah.

Maswali ya halaqa:
1. Kwa nini kujaribu dawa hakupingani na tawakkul?
2. Mtume (s.a.w.) alifanya nini watu walipohusisha kupatwa kwa jua na msiba wake? Sisi hufanya nini dhana inapotupendelea?
3. Toa mfano wa ujumbe ulioupokea mwezi huu, uupitishe katika maswali matatu hapo juu.

Allah atupe elimu yenye manufaa na atulinde na kusema juu yake na juu ya Mtume wake tusiyoyajua. Wabillahi tawfiq.