Kutembea Katika Makorongo ya Karungu: Mwongozo kwa Mgeni na Mwenyeji

Kijitabu hiki ni cha wanafunzi, walimu, watalii na wakazi wanaopita katika makorongo ya Karungu, kando ya Ziwa Victoria, Kaunti ya Migori. Ujumbe wake mkuu ni mmoja: mfupa wa kale una thamani kubwa zaidi ukiwa pale ulipolala. Tembea, tazama, uliza, lakini usiokote.

1. Unachokiona

Ukiacha mji wa Sori na ufuo wake wa omena, unakuta ardhi kavu iliyochanwa na maji. Kuta za makorongo zina tabaka za udongo, mchanga na jivu la volkano, nyekundu na kijivu. Jivu hilo lilitoka Kisingiri, volkano kubwa iliyozimika ambayo mabaki yake ni pamoja na vilima vya Gwasi.

Tabaka hizi zina umri wa takriban miaka milioni 17 hadi 18. Wakati huo Ziwa Victoria halikuwepo. Wanyama walipokufa, matope na jivu viliwafunika, madini yakapenya mifupani, na mifupa ikageuka jiwe. Mifupa hiyo ndiyo tunayoiita visukuku. Wamepatikana mamba, kobe wakubwa na dinotherium, mnyama wa jamii ya tembo aliyekuwa na pembe kwenye taya la chini, zimepinda kuelekea ardhini.

Karungu ni miongoni mwa maeneo ya kwanza Afrika Mashariki kutoa visukuku vya umri huo. Vilijulikana kwa maofisa wa kikoloni mwaka 1909. Mwaka 1911 mwanajiolojia Felix Oswald alitumwa huku na British Museum ya London, akachimba na kuchora tabaka, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1914. Ramani yake ya tabaka ina faida kuliko mifupa mitupu, kwa kuwa inaeleza kila kitu kilitoka wapi.

2. Kwa nini usiokote

Umri wa mfupa hujulikana kwa kupima madini ya volkano katika tabaka ulimolala, au zilizo juu na chini yake. Jino la panya lililo karibu laweza kuonyesha kama palikuwa msitu au mbuga. Ukiuhamisha mfupa bila kumbukumbu, ushahidi huo hukatika, na hata mtaalamu hawezi kuurudisha.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha aina hii atoe taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku saba. Kupeleka visukuku nje ya nchi bila kibali ni kosa.

3. Siku ya safari

- Makorongo haya yako katika ardhi ya watu wanaolima na kuchunga. Pitia kwa chifu au mzee wa kijiji, mwombe mwenye shamba ruhusa, na tembea na mwenyeji.
- Anza asubuhi. Beba maji ya kutosha, kofia na viatu vinavyofunika mguu. Usiingize mkono katika mashimo wala chini ya mawe. Nyoka hujificha humo.
- Mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, ni za hatari. Mvua ikinyesha vilimani, maji yanaweza kukufikia hata kama ulipo kuna jua. Katika korongo la Hell's Gate, Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliua vijana saba Aprili 2012, na Septemba 2019 yakaua wageni tena. Ukiona wingu zito upande wa juu, panda ukingoni mara moja.
- Usisimame chini ya ukuta uliolowa au wenye nyufa.
- Ziwani na kwenye Mto Kuja kuna viboko na mamba, na maji ya ufuoni yana kichocho. Usioge humo.
- Lala ndani ya chandarua. Malaria ipo mwaka mzima.

4. Ukiona mfupa wa jiwe

1. Usiuguse, usiuchimbe, usiumwagie maji.
2. Piga picha, ukiweka kalamu kando yake ili ukubwa uonekane.
3. Andika mahali: jina la kijiji, korongo, na alama ya GPS ya simu ukiweza.
4. Mwarifu chifu na Makumbusho ya Kitaifa.
5. Usitangaze mahali penyewe mitandaoni. Wachimbaji wa magendo nao husoma.

5. Kwa mwenyeji

Mvua inayofichua visukuku ndiyo hiyo hiyo inayokula shamba lako. Kupanda nyasi na mkonge juu ya kichwa cha korongo ni haki yako na ni busara. Lakini kabla ya kuchimba mchanga, kupasua mawe au kujenga ukuta ndani ya korongo, toa taarifa ili wataalamu wakague kwanza. Mgeni akitaka kununua mfupa, mkatalie. Akitaka kuongozwa, mwongoze kwa malipo mliyokubaliana. Mfupa huuzwa mara moja tu, ila korongo lililotunzwa litaleta wageni na wanafunzi miaka mingi.

6. Mkiwa na muda

Walimu wanaweza kuunganisha ziara hii na Thimlich Ohinga, ngome ya kuta za mawe zisizo na saruji, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, au Hifadhi ya Taifa ya Ruma katika Kaunti ya Homa Bay. Kabla ya kuondoka shuleni, kila mwanafunzi apewe daftari la kuchora tabaka, na akabidhiwe sharti moja: mifuko irudi mitupu, daftari lirudi limejaa.