Taa za Krismasi ziandikwe namba gani forodhani?

SWALI: Ninaleta taa za kamba za Krismasi kutoka China kupitia Dar es Salaam na Rusumo. Wakala wangu anataka kuziandika pamoja na mapambo ya sikukuu, Sura ya 95. Yuko sahihi? — Mfanyabiashara, Nyarugenge, Kigali

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na mzuie kabla hajawasilisha tamko. Tangu 2009 Rwanda inatumia Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Afrika Mashariki. Kweli, namba 9505.10 ni ya vitu vya Krismasi: mipira ya kuning'iniza, nyota, hata mti wa plastiki. Lakini maelezo ya kisheria ya Sura ya 94, yanapotoa mapambo na kuyapeleka 95.05, yanasema wazi kwamba taa za kamba hazimo. Zinabaki 94.05, pamoja na taa nyingine.

Hapo tazama balbu zenyewe. Tangu toleo la 2022 la ushuru huo, seti za taa za mti wa Krismasi zimegawanywa: zilizotengenezwa kwa LED pekee ni 9405.31, zile za balbu za zamani ni 9405.39. Balbu za akiba zikija peke yake huenda 85.39.

Kwa hiyo ankara isiseme "mapambo" tu. Mwombe muuzaji aandike: seti ya taa za kamba, LED, urefu, volti. Ukibaki na shaka, omba uamuzi wa awali kwa maandishi kutoka Mamlaka ya Mapato ya Rwanda kabla mzigo haujapakiwa. Namba ikikosewa, wewe mwenye mali unaweza kudaiwa tofauti ya ushuru.