Tunapohamisha Seva, Tunahamisha Amana ya Watu



Parokia na seminari nyingi siku hizi zina tovuti. Muumini wa Bunda hutafuta ratiba ya Misa. Kijana wa Musoma husoma habari za miito. Mgeni anayetaka kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere kule Butiama huangalia saa za ibada kabla ya safari. Kila anayefungua ukurasa huacha alama. Katika somo hili tunajifunza alama hizo ni nini, na tuzitunze vipi siku tunapohama kutoka kampuni moja ya kuhifadhi tovuti kwenda nyingine.

1. Ufuatiliaji wa kwenye seva ni nini?

Kwa njia iliyozoeleka, simu ya msomaji hutuma taarifa moja kwa moja kwa kampuni za takwimu na matangazo, kama Google au Facebook: ukurasa gani umefunguliwa, saa ngapi, kwa simu ya aina gani. Kwa njia ya seva, taarifa hizo hufika kwanza kwenye seva yetu wenyewe, nasi tunaamua zipi ziendelee mbele na zipi ziishie hapo.

Faida yake ni kwamba tunaweza kuondoa namba ya IP, ile inayotambulisha simu au kompyuta kwenye intaneti, kabla ya chochote kutoka kwetu. Hatari yake ni kwamba msomaji haoni tena tunampelekea nani taarifa zake. Hata programu za kuzuia ufuatiliaji haziwezi kuona kinachotendeka ndani ya seva. Msomaji amebaki kutuamini tu.

2. Kwa nini jambo hili linatuhusu?

Tuseme mama mmoja amefungua mara tatu usiku ukurasa unaoeleza kesi za ubatili wa ndoa. Au mseminari amesoma peke yake habari za kuacha malezi. Hawajamwambia mtu, lakini kumbukumbu za seva zimeandika. Zikiangukia mikono isiyofaa, maneno yataanza jumuiyani kabla wenyewe hawajaamua lolote.

Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inakataza kuharibu isivyo halali jina jema la mtu, na kuvunja haki yake ya kulinda faragha yake. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika nchini kwetu tarehe 1 Mei 2023, inahesabu taarifa zinazofichua imani ya dini ya mtu kuwa taarifa nyeti, na inaweka masharti ya kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi. Seva mpya ikiwa Ulaya au Marekani, tusome masharti hayo kabla ya kulipia.

3. Hatua za kuhama

a) Tuorodheshe. Tunakusanya nini, kwa sababu gani, na nani anapokea? Kisichokuwa na sababu kisihamishwe.

b) Tupunguze. Idadi ya wasomaji kwa mwezi inatosha kwa kazi nyingi. Kumbukumbu za zamani zenye namba za IP zifutwe hapo hapo.

c) Tuandae seva mpya. Iwe na cheti cha usalama, na iwe na funguo mpya za siri. Funguo za zamani zisinakiliwe, maana wapo waliowahi kuziona.

d) Tujaribu. Seva mpya itume takwimu kwenye akaunti ya majaribio kwa siku kadhaa. Zikiingia pamoja na za seva ya zamani katika akaunti moja, msomaji mmoja atahesabiwa mara mbili.

e) Tuhamishe anwani. Siku moja au mbili kabla, tupunguze muda ambao mitandao hukumbuka anwani yetu, kwa mfano kutoka saa 24 hadi dakika 5, ili badiliko lienee upesi. Jina la anwani lisibadilike, la sivyo wasomaji wetu wa siku zote watahesabiwa kama wageni.

f) Tufute kwa mhifadhi wa zamani. Hapa ndipo wengi husahau. Seva ya zamani ikishakaa kimya, tufute data pamoja na nakala za akiba, tuombe uthibitisho wa maandishi, ndipo tufunge akaunti.

4. Tujifunze kwa vitabu vya parokia

Kanuni ya 535 inadai vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo viandikwe sawasawa na kutunzwa kwa uangalifu. Paroko anapohamishwa, hukabidhi vitabu hivyo kwa anayempokea. Havibebi, wala haviachi juu ya meza ya baraza. Tovuti nayo idai makabidhiano ya namna hiyo. Tofauti ni moja: kitabu cha ubatizo hutunzwa daima, bali alama za msomaji wa tovuti zitunzwe kwa muda wa hitaji tu.

Maswali ya tafakari

1. Katika parokia yetu, nani anashika funguo za tovuti?
2. Msomaji akituuliza leo tunajua nini juu yake, tutamjibu bila aibu?
3. Je, kuna akaunti ya zamani ambayo hatujaifunga?