Joto la Makaa Hutoka Wapi?

Watoto, Kilo yetu inajulikana mbali kwa sababu ya dhahabu. Ilionekana mwaka 1903, na kazi ya kuichimba ilianza mwaka 1905. Leo tujifunze habari za kitu kingine, cheusi, cha bei ndogo, ambacho mama zetu hukitumia kila siku: makaa, au kama wengi wetu tunavyosema, makala.

1. Dhahabu na makaa motoni

Mfua dhahabu huweka dhahabu katika chungu kidogo juu ya makaa, akavukuta moto. Joto likifika digrii 1,064, dhahabu huyeyuka. Ikipoa huwa ngumu tena, nayo ni dhahabu ile ile.

Na makaa je? Yamekwisha, limebaki jivu kidogo. Lakini hayakupotea. Makaa karibu yote ni kaboni. Kaboni hiyo imeshikana na oksijeni iliyomo hewani, ikawa hewa nyingine isiyoonekana. Vitu vikigeuka kuwa kitu kipya namna hii, tunasema kuna badiliko la kikemia.

2. Akiba ya jua

Kaboni na oksijeni zikishikana, hutoa joto. Joto la kilo moja ya makaa makavu lingetosha kuchemsha lita 80 hivi za maji, kama lote lingeingia majini. Lakini juu ya jiko la kawaida zaidi ya nusu hupotea bure.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwa jua. Jani huvuta hewa yenye kaboni, mizizi huleta maji, na kwa nguvu ya mwanga jani hufanya chakula cha mti. Kwa chakula hicho mti hukua. Bila mwanga kazi hiyo haifanyiki. Basi yako mabadiliko yanayotoa nguvu, na yako yanayodai nguvu kwanza. Mti huweka akiba, moto huitoa. Wala hakuna awezaye kutoa zaidi ya kilichowekwa.

3. Hewa isipotosha

Usiku wa mvua huku milimani kuna baridi. Watu wengine huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha. Wanajitafutia kifo.

Kaboni ikikosa oksijeni ya kutosha, kila sehemu yake hushika nusu tu ya ile inayohitaji. Joto linalotoka halifiki hata theluthi moja. Nguvu iliyosalia imo katika hewa mpya iliyotokea, iitwayo kaboni monoksaidi. Je, mmeona ndimi za buluu zikicheza juu ya makaa? Ni hewa hiyo, inawaka na kutoa joto lililobaki.

Isipowaka, huenea chumbani. Haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, hushika damu yake mahali pa oksijeni. Kichwa humuuma, hutaka kutapika, miguu hulegea. Aliyelala huenda asiamke tena.

Kwa hiyo shikeni haya:
– Jiko la makaa likae nje, au mahali hewa inapopita vizuri.
– Msilale na makaa yenye moto chumbani, hata kama hayatoi moshi.
– Mkimkuta mtu amezimia karibu na jiko, piteni kelele kuwaita wakubwa, mfungue mlango, atolewe upesi kwenye hewa safi, kisha apelekwe hospitali.

Mungu ametupa jua, miti na moto. Ametupa na akili ya kuvitumia bila kujidhuru sisi na ndugu zetu.

Maswali
1. Dhahabu ikiyeyuka, je, ni badiliko la kikemia? Eleza.
2. Jani hupata wapi nguvu ya kufanya kazi yake?
3. Kwa nini makaa yasiyo na moshi yanaweza kuua?
4. Leo jioni waeleze watu wa nyumbani habari za ndimi za buluu.