SOMO LA VIKUNDI: SIKUKUU HAIKAI SIKU MOJA



Safari hii tunataka tujifunze kusoma kalenda. Pengine mtasema, "Kalenda tunaijua, iko pale ukutani." Ni kweli iko. Lakini sisi tumeona kikundi kikikaribia kuvunjika kwa sababu ya siku moja tu, na hakuna mtu aliyeiba kitu.

KISA CHA MTAMBA

Kikundi hicho kina akina mama kumi na wanane. Mwaka 2021 walikuwa na akiba benki, wakataka kununua mtamba wa gredi. Mwenye ng'ombe akawaambia, "Nitawangoja mpaka Jumatatu baada ya Jamhuri. Jumatatu ikipita, mimi nauza." Wakakubali. Walikumbuka kwamba mwaka 2020 Jamhuri ilikuwa Jumamosi, na Jumatatu yake benki ilifunguliwa kama kawaida.

Jumatatu, tarehe 13 Desemba 2021, mhazini, mwenyekiti na katibu walipanda matatu alfajiri. Walikuta mlango wa benki umefungwa na mlinzi amekaa nje. "Akina mama, leo ni holidei," akawaambia. Wakarudi mikono mitupu. Jumanne walipopata pesa, mtamba alikuwa ameshauzwa kwa mtu mwingine.

Nauli iliyopotea ilikuwa kidogo. Kilichouma ni maneno. Wengine walianza kunong'ona: "Mhazini alijua. Pesa amekula, ndiyo maana akatupeleka siku benki imefungwa." Kabla mwaka haujaisha mhazini aliweka ufunguo wa sanduku mezani, akasema hiyo kazi haitaki tena.

Tulipoenda kukaa nao, tulikiri kwamba kosa lilikuwa letu pia. Tuliwafundisha kuweka akiba na kuandika vitabu, lakini kalenda hatukuifundisha. Basi tukaanza hapo hapo, kwa maharagwe.

HESABU YA MAHARAGWE

Fanyeni hivi katika mkutano wenu. Chukueni maharagwe 30, ndiyo siku za mwezi kama Juni. Yapangeni katika safu za saba saba, kwa sababu wiki ina siku saba. Mtapata safu nne, na maharagwe mawili yatabaki. Mwezi wa siku 31 hubakiza matatu. Februari ya siku 28 haibakizi kitu.

Sasa tukusanye masalio ya mwaka mzima:
- Miezi ya siku 31 ni saba. Saba mara tatu ni 21.
- Miezi ya siku 30 ni minne. Minne mara mbili ni 8.
- Februari ni sufuri.

Jumla ni 29. Zipangeni hizo 29 saba saba tena: safu nne, na moja inabaki. Hiyo moja ndiyo siri yote. Mwaka wa siku 365 ni wiki 52 na siku moja juu yake. Kwa hivyo tarehe ile ile, mwaka unaofuata, husogea mbele siku moja. Ikiwa mwaka huu ni Jumatatu, mwakani ni Jumanne.

Lakini kila baada ya miaka minne Februari hupata siku ya 29. Huo ni mwaka mrefu, wa siku 366, na unabakiza siku mbili. Hapo sikukuu inaruka siku moja. Mwaka 2019 Jamhuri ilikuwa Alhamisi. Mwaka 2020 ulikuwa mrefu, basi Jamhuri ikaruka Ijumaa ikaangukia Jumamosi. Mwaka 2021 ikasogea moja tu, ikawa Jumapili.

Angalieni jambo moja. Siku ya 29 inaingia mwisho wa Februari. Kwa hivyo sikukuu za baada ya Februari, kama Madaraka, Mashujaa na Krismasi, huruka mwaka ule ule mrefu. Mwaka Mpya, kwa kuwa uko mwanzoni, huruka mwaka unaofuata. Tarehe 1 Januari 2028 ni Jumamosi, na tarehe 1 Januari 2029 ni Jumatatu.

Mwaka mrefu mnaujua kwa kugawanya kwa nne: 2024, 2028, 2032. Miaka ya mamia ni lazima igawanyike kwa 400. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu, 1900 haukuwa, na 2100 hautakuwa. Utaratibu huo uliwekwa na Papa Gregori wa 13 mwaka 1582, kwa sababu kalenda ya zamani ilikuwa imeachana na jua. Mwaka huo, kule walikoanza nayo, Alhamisi tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa tarehe 15. Tarehe kumi ziliondolewa, lakini siku za wiki hazikuguswa.

SHERIA INASEMA NINI

Hapa ndipo wale akina mama walipokwama. Sheria ya Kenya ya sikukuu za umma inasema sikukuu ikiangukia Jumapili, siku inayofuata ambayo si sikukuu inakuwa ya mapumziko. Ikiangukia Jumamosi hakuna fidia, Jumatatu ni kazi. Kwa hivyo Jumatatu ya 2020 benki ilikuwa wazi, na ya 2021 ilikuwa imefungwa. Mhazini hakudanganya. Alitumia kalenda ya mwaka jana.

Jamhuri ya miaka ijayo ni hivi:
2026 – Jumamosi
2027 – Jumapili (Jumatatu tarehe 13 ni mapumziko)
2028 – Jumanne (mwaka mrefu, inaruka Jumatatu)
2029 – Jumatano
2030 – Alhamisi

Tena kuna njia ya mkato. Kutoka tarehe 12 Desemba hadi tarehe 26 ni wiki mbili kamili, kwa hivyo Jamhuri na siku ya pili ya Krismasi huwa siku moja ya wiki. Krismasi yenyewe huwa siku inayotangulia hiyo. Na Mwaka Mpya huwa siku ile ile ya Krismasi, kwa maana ni wiki moja baadaye.

Basi jihadharini na Desemba 2027. Krismasi ni Jumamosi, siku ya pili yake ni Jumapili, na Jumatatu tarehe 27 ni mapumziko. Benki zitafungwa siku tatu mfululizo. Kikundi kinachogawana akiba wakati wa Krismasi kichukue pesa mapema.

Msichanganye hizi na Pasaka. Ijumaa Kuu ni Ijumaa kila mwaka, tarehe ndiyo inayohama. Idd hufuata mwezi unapoonekana. Na serikali inaweza kutangaza siku nyingine ya mapumziko katika Gazeti Rasmi, kwa hivyo sikilizeni redio.

MWISHO WA KISA

Tulipomaliza kuhesabu, mama mmoja aliyekuwa amesema sana alisimama. "Kumbe ilikuwa harage moja," akasema. Hakuna aliyecheka. Siku hiyo hiyo walienda nyumbani kwa mhazini na ule ufunguo. Aliwaacha wangoje kidogo mlangoni, kisha akaupokea. Sasa mkutano wao wa kwanza wa kila mwaka huanza na kalenda: katibu anasoma sikukuu zote, na siku za benki zinaandikwa kwenye daftari mbele ya wote.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, katiba yetu inataja tarehe au siku ya wiki kwa mikutano na marejesho ya mikopo? Tarehe ikiangukia sikukuu, tunafanya nini?
2. Nani kati yetu ana kazi ya kuangalia kalenda? Mwenzake ni nani?
3. Je, tumewahi kumshuku mtu kabla ya kuuliza? Tulimrudia?
4. Zoezi: Madaraka ya 2026 ni Jumatatu. Ya 2028 ni siku gani?

(Jibu la zoezi: Alhamisi. Siku moja kwa 2027, siku mbili kwa 2028.)