Dawa ya mawe ya figo: lijue jiwe lako kwanza

SWALI: Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 43, njia yangu ni Dar es Salaam hadi Tunduma. Wiki tatu zilizopita nilishikwa na maumivu makali ya ubavu wa kushoto, yakawa yanashuka hadi kwenye kinena, nikatapika. Ultrasound niliyopiga Mbeya ilionyesha jiwe la milimita 6 lililoteremka karibu na kibofu. Nilichomwa sindano nikatulia. Tangu hapo, maumivu yakirudi nanunua diklofenaki duka la dawa, siku nyingine nameza mara tatu. Nina presha pia, natumia losatani iliyochanganywa na haidroklorothiazidi. Mwenzangu ameniletea chupa ya dawa ya kuyeyusha mawe, na mama mkwe wangu kule Tanga anasisitiza ninywe juisi ya birimbi. Kipi kitaliyeyusha jiwe hili, na nimeze nini lisirudi tena?

JIBU: Umeuliza juu ya chupa na birimbi, lakini kilichonishtua katika barua yako ni diklofenaki. Iache leo.

Sisemi kwamba ni dawa mbaya. Kwa mtu mwenye figo nzima, asiye na vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa moyo na asiye mjamzito, diklofenaki au dawa za jamii yake ndizo tunazoanza nazo kutuliza maumivu ya jiwe, kwa siku chache. Zinapunguza uvimbe kwenye mrija wa mkojo na shinikizo linalojengeka ndani ya figo. Sindano ya siku ile ilikuwa na sababu yake. Kinachonitia hofu ni wiki tatu mfululizo, juu ya dawa zako za presha.

Figo huchuja damu kwa msukumo. Kila kichujio chake kidogo kina mshipa wa kuingiza damu na mwingine wa kuitoa. Mwili ukipungukiwa maji, figo hujitetea kwa kuutanua ule wa kuingilia na kuubana ule wa kutokea, ili msukumo usishuke. Sasa tazama vidonge vyako. Diklofenaki inaunyima mshipa wa kuingilia uwezo wa kutanuka. Losatani inaulegeza wa kutokea. Haidroklorothiazidi inakutoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo. Zikikutana zote tatu kwa mtu anayeshinda kwenye kabini yenye joto, tena pengine anajinyima maji ili asisimamishe gari kila mara kukojoa, msukumo unaanguka na figo inapunguza kazi. Hutasikia maumivu yoyote. Kipimo cha damu kiitwacho kreatinini ndicho kitakachokwambia, na ni kipimo cha kawaida katika maabara ya hospitali. Kapime wiki hii, pamoja na potasiamu. Dawa ya presha usiiache wala kuipunguza kwa uamuzi wako. Daktari akishaona majibu atajua la kufanya.

Kwa sasa maumivu yakija, tumia parasetamoli: gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kisha subiri saa 6 kabla ya kurudia. Isizidi gramu 4 kwa siku, na uhesabu humo hata ile iliyochanganywa kwenye dawa za mafua. Yasipotulia, nenda hospitali, usirudi duka la dawa.

Nije kwenye kuyeyusha. Jiwe ni neno moja, lakini mawe yenyewe ni ya aina mbalimbali. Mengi yametengenezwa kwa kalisiamu na oksalati, na hayo hakuna kidonge, chai wala chupa iliyothibitishwa kuyayeyusha. Yapo yanayotokana na maambukizi ya mkojo. Hayo mara nyingi huhitaji kutolewa kwa upasuaji. Yanayoyeyuka vizuri kwa dawa ni ya asidi ya yuriki, ndugu wa ugonjwa wa gauti. Haya huumbika mkojo ukiwa na asidi nyingi, na mgonjwa akipewa sitrati ya potasiamu hadi pH ya mkojo ikae kati ya 6.5 na 7, jiwe huanza kwisha taratibu kwa muda wa wiki na miezi. Hata hivyo, dawa hiyo ina potasiamu, na losatani unayotumia huizuia potasiamu kutoka mwilini. Figo zikiwa zimechoka, potasiamu inaweza kupanda hadi mapigo ya moyo yakavurugika. Ndiyo maana sitaki uinunue mwenyewe kwa kuwa umesoma jina lake hapa.

Chupa ya mwenzako ina nini? Kama haina orodha ya vilivyomo wala namba ya usajili, mimi siwezi kukwambia, na yeye hawezi. Siidharau tiba ya asili. Iko iliyosajiliwa, na wako waganga waaminifu. Lakini figo iliyokwisha kubanwa na jiwe na kudhoofishwa na vidonge si mahali pa kujaribia kitu usichokijua.

Birimbi nalijua vizuri, na hapa nakuomba umfikishie mama mkwe ujumbe wangu kwa adabu. Tunda hilo lina oksalati nyingi sana, ile ile inayojenga mawe mengi. Katika jimbo la Kerala, India, ambako watu hunywa juisi yake kutibu lehemu, madaktari wameeleza kuhusu wagonjwa walioharibikiwa figo kwa ghafla baada ya kunywa juisi nzito ya birimbi. Kipande cha achari pembeni ya wali hakimdhuru mtu mzima mwenye figo nzima. Glasi ya juisi kwako wewe ni hatari.

Jiwe lako linaweza kutoka lenyewe? Inawezekana. Mengi yasiyozidi milimita 5 hutoka bila upasuaji. Kuanzia hapo hadi milimita 10 nafasi hupungua, na likishafika chini karibu na kibofu huwa bora kidogo. Kwa jiwe la ukubwa na mahali kama lako, daktari anaweza kukupa tamsulosini miligramu 0.4 mara moja kwa siku, kwa wiki nne hivi. Hiyo hailiyeyushi jiwe. Inalegeza misuli ya mrija ili lipite. Wengi huitambua kama dawa ya tezi dume, wakashtuka wakifikiri wamepewa kimakosa. Kwako angalizo ni kizunguzungu: inateremsha presha, hasa siku za mwanzo na mtu anaposimama ghafla, nawe tayari unameza dawa za presha. Usishike usukani mpaka ujue mwili wako umeipokeaje. Inaweza pia kupunguza manii yanayotoka wakati wa tendo. Ukiacha dawa, hali hurudi kuwa ya kawaida. Na usiichanganye na vidonge vya kuongeza nguvu za kiume bila kumwambia daktari.

Antibayotiki haina kazi kwa jiwe lisilo na maambukizi. Lakini jiwe likiambatana na homa na kutetemeka, ni dharura, kwa sababu mkojo wenye vijidudu umefungiwa juu ya jiwe na sumu inaingia kwenye damu. Vidonge vya nyumbani havitoshi hapo. Unahitaji dawa ya mshipa na mrija wa kuufungulia mkojo njia.

Kuhusu kuzuia, wasomaji wengi huniandikia wakitaka jina la kidonge. Nawarudisha kwenye maji, na nina ushahidi. Mwaka 1996 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya watu 199 waliopata jiwe kwa mara ya kwanza. Kundi lililoelekezwa kunywa maji mengi, mkojo ufike walau lita 2 kwa siku, jiwe liliwarudia watu 12 katika kila 100 ndani ya miaka 5. Kundi jingine, 27. Kwa joto la barabara yako huenda ukahitaji lita 3 au zaidi. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, bado hujanywa vya kutosha. Weka dumu kwenye kabini na upange vituo vya kukojoa kama unavyopanga vya mafuta.

Haidroklorothiazidi unayoimeza kwa presha imetumika miaka mingi pia kuzuia mawe, lakini utafiti wa Uswisi uliotoka mwaka 2023, wenye wagonjwa 416, haukuona faida ya wazi, hata dozi ilipofika miligramu 50. Usiiongeze kwa matumaini hayo. Alopurinoli hupewa wale ambao asidi ya yuriki imethibitika kuwa juu. Anayeitumia akitokwa na vipele aiache na amwone daktari siku hiyo hiyo. Vidonge vya vitamini C vya miligramu 1,000, vile vya kutoa povu kwenye maji, achana navyo, maana mwili hugeuza sehemu yake kuwa oksalati.

Maziwa usiyaache. Watu hudhani kalisiamu ya chakula inajenga jiwe, kumbe ikiliwa pamoja na mboga huikamata oksalati tumboni isifike kwenye figo. Mchicha uchemshe, umwage maji yake. Punguza chumvi na nyama choma ya njiani, na kamulia limau au ndimu kwenye maji yako bila sukari.

Kuanzia leo kojolea kwenye chujio la chai ulilolitenga kwa kazi hiyo. Ukikamata jiwe, hata chembe, liweke kwenye kichupa kikavu ulipeleke likachunguzwe. Hapo ndipo daktari atajua dawa ipi inakufaa. Nenda na karatasi ya ultrasound na maboksi yote ya dawa, pamoja na ile chupa, na uulize kama unahitaji CT. Na homa, kutapika kusikokoma au mkojo kukatika kukikukuta barabarani, usijikaze hadi Dar. Egesha lori, na uombe kupelekwa hospitali kubwa iliyo karibu usiku huo huo.